Pikipiki Niliyomficha Mama



Mhariri aliniomba niandike juu ya pikipiki yangu kwa sababu wanachama watatu wameshamuuliza kama na wao wanunue. Nimekubali, lakini kwa sharti kwamba niseme yote, pamoja na yale ambayo hayamo kwenye karatasi ya muuzaji. Basi naanza na hili: mwezi wa Oktoba mwaka jana nilinunua pikipiki hapa Sheffield, na kwa wiki saba sikumwambia mama.

Nyumbani kwetu Morogoro tumelishwa na pikipiki. Kaka yangu alikuwa bodaboda, kijiwe chake karibu na stendi ya Msamvu. Alianza kama deiwaka, akishika chombo cha mtu pale mwenyewe anapopumzika. Baadaye akapata Boxer ya mkataba, akawa anapeleka hesabu kila jioni. Sare zangu, madaftari yangu na ada yangu ya sekondari vilitoka kwenye Boxer ile. Usiku mmoja wa mwaka 2018, nikiwa kidato cha sita, kaka alikuwa anarudi kutoka kumshusha abiria Kihonda. Gari lililokuwa linalipita gari jingine likamkuta upande wake wa barabara. Mguu wa kulia ulivunjika sehemu mbili. Alilala hospitali miezi miwili, akatoka na vyuma mguuni na kuchechemea ambako hakujaisha hadi leo. Sasa ana kibanda chake cha ufundi, anatengeneza pikipiki za wenzake.

Siku aliyorudi nyumbani mama alituita sebuleni akasema kwamba hakuna mtoto wake mwingine atakayeendesha kitu kile. Mimi niliitikia, "Ndiyo, mama." Sikuwa na shida ya kuitikia. Wakati ule sikuwa na hata wazo la kuendesha baiskeli.

Sasa nisikilizeni jinsi mtu anavyofika pale alipoapa hatafika. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamivu. Kama wengi wetu wenye viza ya mwanafunzi, ninaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kazi niliyoipata ni kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Hathersage, kijiji kilicho kilomita kama 17 kutoka mjini, ng'ambo ya milima. Kwenda si tatizo, basi lipo. Tatizo ni kurudi. Zamu yangu inaisha saa nne usiku, na saa hizo basi la mwisho limeshapita. Teksi inakula mshahara wa saa tatu. Miezi mitatu nilirudi kwa lifti ya muuguzi mmoja mwenye huruma. Naye alipohamia mji mwingine, nikabaki na uamuzi wa kuacha kazi au kutafuta magurudumu. Gari sikuliweza, kwa bei wala kwa bima.

Mtu wa kwanza niliyemwambia ni kaka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Siwezi kukukataza, mdogo wangu, maana nitakuwa mnafiki. Ila siwezi kukuambia nunua. Nenda kajifunze kwanza, halafu tuongee."

Kujifunza kwenyewe ni lazima. Hapa Uingereza anayeanza haruhusiwi kuingia barabarani na pikipiki ya kundi hili kabla ya kupita mafunzo ya msingi yaitwayo CBT, ambayo yalianza mwaka 1990. Kwanza unahitaji leseni ya muda, ile ya mwanafunzi, ambayo ukiomba kwa mtandao ni pauni 34. Sisi wageni tunatakiwa tuwe tunaishi hapa kwa ruhusa ya siku zisizopungua 185. Mafunzo yana sehemu tano, na kwa kawaida huchukua siku moja: unapimwa macho kwa kusoma namba ya gari iliyo mbali kama mita 20, unaelezwa mavazi na sehemu za chombo, unaendesha kwenye uwanja uliofungwa, unafundishwa sheria, kisha unaingia barabarani na mwalimu nyuma yako kwa saa zisizopungua mbili. Si mtihani wa kufaulu au kufeli; mwalimu akiona hujawa salama anakuambia urudi siku nyingine. Mimi nilirudi siku ya pili, wala sioni aibu kusema. Siku ya kwanza nilizima injini mara nyingi hata mwalimu akaacha kuhesabu.

Cheti hicho kinadumu miaka miwili. Kinakuruhusu kuendesha pikipiki isiyozidi sisi 125 na nguvu isiyozidi kilowati 11, ukiwa umebandika herufi L nyekundu mbele na nyuma. Barabara kuu za mwendokasi huruhusiwi, na kupakia abiria huruhusiwi. Kaka aliposikia hilo la abiria alicheka sana. "Kwa hiyo huko hakuna mishikaki?" Hakuna, nikamwambia, hata kipande kimoja.

Kitu kimoja nilichokipata kwenye mafunzo hayo nakithamini kuliko cheti. Kabla ya kukata kona au kuhama njia, kuangalia kioo hakutoshi; unageuza kichwa ukaangalia nyuma ya bega. Walimu wa huku huliita tendo hilo mwokoa maisha. Nilipomweleza kaka, alisema pale kijiweni hakuna aliyewahi kumfundisha mtu kitu kama hicho. Walifundishana klachi na gia, mengine waliyajua barabarani.

Baada ya hapo ndipo nikaenda madukani. Kwenye duka moja muuzaji alinitazama kutoka juu hadi chini (nina mita 1 na sentimita 57 nikiwa na viatu) akanipeleka kwenye skuta, akisema akina dada huzipenda. Nilipokataa akaniruka moja kwa moja hadi kwenye pikipiki zenye sura ya mashindano. Akanisisitizia kwamba ile ndogo nitaichoka baada ya miezi mitatu. Nilitoka nje nikamtumia kaka ujumbe wa sauti. Naye akanirudishia maswali, ambayo niliyaandika nyuma ya risiti na ninayo hadi leo.

Ukikaa juu yake, miguu inagusa chini? Ikiwa imezimwa, unaweza kuisukuma na kuigeuza peke yako mahali penye mteremko? Ikianguka, unaiinua bila kumwita mtu? Breki zake unazielewa? Spea zake zinapatikana, na fundi wa kawaida anazijua? Kasi hakuiuliza kabisa. Nilipomkumbusha alisema, "Kasi si kitu cha kununua. Ipo hata kwenye baiskeli, ukiitafuta mteremkoni."

Nikaanza kupima pikipiki kwa maswali hayo. Aina niliyoitaka ni ile ambayo huku huitwa rodsta. Haina plastiki kubwa za kukinga upepo, usukani umeinuka, unakaa wima, injini inaonekana. Nilimweleza kaka hayo yote kwa urefu, akanijibu, "Yaani pikipiki." Ni kweli. Kile ambacho kwenye majarida ya huku kina kundi lake na jina lake, kwetu ndicho pikipiki yenyewe, ile inayobeba mkaa, mgonjwa na bibi harusi.

Niliyoinunua ni Honda CB125F ya toleo lililotoka mwaka 2021, imeshatumika, imetembea maili kama elfu nne, kwa pauni 2,100. Nitaeleza jinsi ilivyojibu maswali ya kaka, kisha niseme mahali ilipoanguka, kwa maana zote mbili.

Kiti kiko milimita 790 kutoka chini. Kwa kimo changu nyayo zote hazitui, ila sehemu ya mbele ya miguu yote miwili inakanyaga vizuri, na mguu mmoja ukiegemea kidogo unatua wote. Nilijaribu pia ndugu yake, CB125R, yenye sura nzuri zaidi na nguvu inayokaribia ukomo wa sheria. Kiti chake kiko milimita 816. Hizo milimita 26 mtu mrefu hazioni, lakini mimi nilibaki nimesimama kwa vidole kama anayechungulia dirishani. Kwa anayeanza, kusimama kwenye taa nyekundu kwenye kilima huku unatetemeka ni mzigo asiouhitaji. Na Sheffield ni mji wa vilima, kama mnavyojua nyote mnaobeba vyakula kutoka sokoni kwa miguu.

Uzito wake ni kilo 117, mafuta yakiwemo. Hii ndiyo sifa yake kubwa. Ninaitoa kwenye uchochoro wa nyumba yetu kinyumenyume, mteremko wenye utelezi, bila kumgongea jirani. Injini ni sisi 124, ina gia tano, na nguvu yake ni kilowati 8, sawa na farasi 11 hivi. Haistui. Ukiachia klachi vibaya inalalamika tu, haikurushi. Mafuta inakunywa kama ndege. Kwa mwendo wangu lita moja inanipeleka zaidi ya kilomita 40, na tangi ni la lita 11, hivyo naweza kupita wiki tatu za kazi bila kuona kituo cha mafuta. Magurudumu ni ya inchi 18 yenye tairi nyembamba, yanayopita kwenye mashimo ya mjini bila matata.

Breki ya mbele ni ya diski, ya nyuma ni ya kikombe. Ukikanyaga pedali ya nyuma, sehemu ya nguvu hiyo inapelekwa mbele pia, ili anayeanza asifunge gurudumu la nyuma peke yake. Ni mpango mzuri, lakini haumaanishi kwamba gurudumu haliwezi kufunga. Mfumo wa kielektroniki wa kuzuia tairi zisifunge haimo kwenye pikipiki hii. Hilo likumbukeni, nitalirudia.

Sasa upungufu. Njia yangu inapanda Ecclesall Road, inatoka mjini, inafika Fox House kwenye nyika ya juu isiyo na mti, kisha inashuka kwa kona ya Surprise View hadi kijijini. Kwenye mlima ule, upepo ukiwa wa mbele, mwendo unashuka hadi maili 40 kwa saa hata ukivuta mafuta yote, na magari yanajipanga nyuma yako. Mara mbili nimepitwa kwa karibu kiasi cha kuweza kugusa kioo cha gari. Mara zote mbili nilimkumbuka kaka. Wepesi ninaousifu mjini, kule juu ni udhaifu. Upepo wa ubavuni unaisukuma kama karatasi, nawe huna kinga yoyote kifuani. Baridi ya Novemba inaingia kwenye mifupa ya vidole, na ukifika huwezi kufungua vifungo vya koti. Kondoo hulala kando ya lami. Taa ya mbele inatosha mjini. Gizani kule inakuonyesha barabara, lakini haikuonyeshi mapema.

Tena kuna gharama zisizotajwa dirishani. Bima ya mwaka wa kwanza ilikuwa pauni 540. Mafunzo, koti, glavu, buti na mnyororo wa kufungia, maana pikipiki nyepesi ni nyepesi kwa mwizi pia, vilikaribia pauni 600. Kofia nilinunua mpya. Kuna mpango wa serikali uitwao SHARP unaozipima na kuzipa nyota kuanzia 1 hadi 5, na hapo ndipo nilipokataa kubana matumizi. Kodi ya barabara ndiyo rahisi, haifiki pauni 30 kwa mwaka. Anayehesabu bei ya pikipiki peke yake amehesabu nusu.

Wiki saba zikapita hivyo. Kila Jumapili mama alinipigia, na kila Jumapili aliniuliza, "Na usiku unarudije, mwanangu?" Nami nilijibu, "Usafiri upo, mama." Tazameni neno hilo. Usafiri! Pikipiki ni usafiri, ndege ni usafiri, punda ni usafiri. Sikuongopa hata herufi moja, na kila nilipokata simu nilijua kwamba nimemdanganya mama yangu.

Jumatano moja mwishoni mwa Novemba nilikuwa nimeshashuka mlima wote salama. Nilifika kwenye kipilefti cha Hunters Bar, mjini kabisa, mwendo mdogo. Mvua ilikuwa imenyesha, na majani ya miti yamelala barabarani kama mkeka. Nikiwa nimeinama kwenye kona, gari likasita mbele yangu, nikashika breki ya mbele. Sikukumbuka chochote nilichofundishwa. Gurudumu liliteleza, nami nikajikuta nimekaa barabarani, pikipiki imelala pembeni inazungusha tairi.

Sikuumia zaidi ya goti na kiwiko. Kioo kilipinda, mkono wa klachi ukavunjika ncha. Mzee mmoja mwenye mbwa alisimama kuzuia magari huku akiniuliza jina langu na siku ya leo. Niliiinua pikipiki mwenyewe. Swali la tatu la kaka lilijibiwa hapo, ingawa mikono ilikuwa inatetemeka hata sikuweza kuisukuma hadi kando bila msaada.

Nilimpigia kaka asubuhi. Shikamoo yangu tu ilimtosha. "Umeanguka," akasema. Akaniuliza kama nilishika breki ya mbele nikiwa nimelala kwenye kona, nikamwambia ndiyo. Hakunigombeza. Alisema kwenye unyevu unapunguza mwendo kabla ya kona, ukiwa umesimama wima, si ndani yake. Kisha akasema, "Sasa mwambie mama. Mimi nilipoanguka, habari alipelekewa na mtu asiyemjua, usiku, mlangoni. Usimfanyie hivyo mara ya pili."

Nilimwambia Jumapili. Nilieleza kila kitu bila kupumua: kazi, basi, mafunzo ya siku mbili, kofia yenye nyota, majani. Nilijiandaa kwa hasira. Nilijiandaa hata kwa kilio. Mama alinyamaza muda mrefu hata nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza swali moja.

"Huko ukianguka, nani anakuokota?"

Sikuwa na jibu. Kaka alipoanguka waliomwokota ni wenzake wa kijiwe. Walipata habari kabla hata polisi hawajafika. Mmoja alimshika kichwa, mwingine akasimamisha gari, mwingine akakaa na Boxer hadi alfajiri isiibiwe. Walichanga, wakaleta uji hospitalini kwa zamu. Mama anawajua wote kwa majina. Mimi nilikuwa nimepima kiti, uzito, breki na bima, nikasahau kwamba ninaendesha usiku kwenye nyika, na hakuna mtu hata mmoja anayejua nimetoka saa ngapi.

"Wenzako wa huko wanajua?" akauliza tena. Nikasema hawajui. "Basi waambie kabla hujapanda tena."

Niliwaambia. Wengi wenu mnakumbuka jioni ile kwenye mkutano wa chama. Sasa zamu ikiisha ninaandika kwenye kundi letu la simu, "Natoka." Nikifika naandika, "Nimefika." Kama dakika 50 zimepita bila neno, mwenye zamu ya wiki ananipigia. Namba mbili za kupigia nimezishonea ndani ya koti. Upepo ukitangazwa mkali au barafu ikitajwa, siendi na pikipiki. Tumekubaliana na bosi wangu kwamba siku hizo ninabadilishana zamu ya mchana. Haya yote hayakunigharimu senti, na yalipaswa kuwa ya kwanza.

Kwa hiyo nawajibu wale watatu. Kama safari zako ni za mjini, kimo chako ni kifupi au wastani, na hujawahi kushika klachi, sijaona inayofaa kuanzia kuliko rodsta ndogo ya namna hii. Ni nyepesi, ni pole, haina tamaa ya mafuta, na itakusamehe makosa mengi, ila si lile la breki ya mbele kwenye kona yenye majani. Kama safari zako ni za barabara ndefu zenye magari ya kasi na milima, farasi 11 hazitoshi. Usidanganywe kwamba utazoea. Fanya mitihani ya leseni kubwa kwanza, au panda basi. Na kama ndugu zako hawajui, bado hujawa tayari kununua.

Mama hajasema kwamba amekubali. Alisema tu kwamba na yeye awekwe kwenye zile jumbe. Mimi nikifika nyumbani kama saa nne na dakika arobaini usiku, kule Morogoro ni saa saba na dakika arobaini, wakati wa watu kulala. Nimemsihi asinisubiri, atasoma asubuhi. Kila usiku wa kazi nikiandika "Nimefika," hata funguo sijaweka mezani, jibu lake linaingia: "Haya. Lala."